Kofia Niliyokataa Kuvua

Watu wakiniuliza nilipatia wapi saratani ya ngozi, huwa najibu kwamba niliipatia kwenye adabu. Wanacheka. Wakimaliza kucheka ninawaeleza, na wewe ukifika mwisho utaona kwamba sikuwa natania sana.

Mimi naitwa Othieno. Kwetu Kirewa, wilaya ya Tororo, jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku, na nadhani ningefanya vizuri kubaki hukohuko usiku. Nilizaliwa na ualbino, kifungua mimba wa baba na mama. Macho yangu yanaukimbia mwanga na ngozi yangu haina cha kujikingia. Kazi niliyoipata ukubwani, katika kazi zote alizoziumba Mungu, ni kukausha mahindi.

Nasimamia ukaushaji katika ghala moja la nafaka mjini Busia, upande wa Uganda. Mahindi yenye unyevu hayavuki mpaka, yanarudishwa, kwa hiyo tunayamwaga kwenye maturubai uani na kina mama wanapita katikati wakiburuza nyayo ili yageuke. Mimi kuona kwangu ni kwa shida, lakini punje nikiiuma naweza kukuambia kama imekauka au inadanganya. Mahindi yanataka jua kali kuanzia saa nne hadi saa tisa. Hizo ndizo saa ambazo mimi napaswa kuwa ndani. Kila siku ya kazi yangu ni mabishano kati ya mahindi na mimi, na kwa miaka mingi mahindi ndiyo yaliyokuwa yanashinda.

Nje ya uzio wetu malori husimama foleni yakingoja forodha. Nilizoea kuweka stuli yangu kwenye kivuli cha lori, mgongo kwa tairi, huku nikiwaelekeza kina mama kwa sauti kupitia uzio. Foleni ikisogea, kivuli kinaondoka na mimi naachwa pale nang'aa kama sahani. Ninabeba stuli, nalifuata lori la nyuma yake. Madereva walikuwa wamenizoea. Mmoja alikuwa akipiga honi kabla ya kuondoa gari ili nisishtuke, na huyo namwombea mema mpaka leo.

Kwa hiyo usidhani nilikuwa mjinga wa jua. Nilikuwa nalijua kuliko mtu wa hali ya hewa. Nilijua ni upande gani wa barabara una kivuli asubuhi na upande gani jioni. Nilivaa mikono mirefu wakati wenzangu wanavua mashati. Na nilikuwa na kofia, kofia ya pama yenye ukingo mpana, niliyoichagua sokoni kwenye mitumba. Kepi niliikataa mapema kwa sababu inafunika paji la uso na kuyaacha masikio. Kwa sababu ya pama hiyo vijana wa mpakani waliniita kauboi, na kati ya majina yote niliyowahi kuitwa hilo lilikuwa la heshima.

Shida ya kofia ni kwamba kwetu mwanamume anaivua.

Anaivua kanisani, hata kama kanisa limejaa na yeye amesimama nje. Shuleni niliivua bendera ilipopandishwa, na mwalimu wa zamu alikuwa na hotuba ndefu. Niliivua nilipokwenda kujitambulisha kwa kina Nekesa, mke wangu, Msamia wa upande wa Kenya. Wazee wake walikuwa wamepanga viti uani na mimi nikakaa kichwa wazi mchana kutwa nikitabasamu, na nilirudi nimevimba midomo. Niliivua mpakani karibu kila nilipovuka. "Toa ile kofia, mimi naona sura kwanza," askari ananiambia, nami naitoa, na yeye anamalizia mazungumzo yake na mwenzake kabla ya kuniangalia. Kana kwamba mpaka huu una mwingine mwenye sura kama yangu.

Na niliivua kwenye mazishi. Marehemu baba yangu alikuwa katekista, mtu wa vifungo vilivyofungwa mpaka shingoni, na alitufundisha kwamba mtu anayesimama kaburini na kofia amewatukana wafu na walio hai kwa pamoja. Mazishi ya kwetu si ya haraka. Anasema mwakilishi wa ukoo, anasema wa kanisa, anasema wa shule aliyosoma mjukuu wa marehemu, anasema diwani. Wote hao wanasema mchana.

Bibi yangu aliyesaidiana na mama kunilea alipofariki ilikuwa kiangazi, mahindi ya msimu wa pili yakiwa maghalani. Nilisimama kichwa wazi tangu nyimbo hadi udongo. Siku chache baadaye tukanyolewa, kama ilivyo desturi, watu wote wa karibu wa marehemu, tumekaa uani tukipokezana wembe. Nywele zangu ni chache na za rangi ya majani makavu, lakini nilikuwa sijui zinanifanyia kazi kubwa kiasi gani mpaka nilipozikosa. Matanga yaliendelea na kofia ilikuwa imetundikwa ndani, kwa sababu matanga hayakai na kofia. Ngozi ya utosi ikawa nyekundu, ikafanya malengelenge, ikabanduka. Mama yangu akanipaka mafuta ya ufuta, kama alivyonipaka utotoni kila asubuhi kabla ya kunipeleka shambani, mpaka nikawa nang'aa. Aliamini ngozi inayong'aa imeshiba. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia vingine, na mimi simlaumu kwa hilo.

Sehemu moja haikupona. Ilikauka, ikapasuka, ikatoa damu kidogo, ikakauka tena. Daktari aliniambia baadaye kwamba si jua la msiba ule peke yake, ni la miaka yote tangu mama alipokuwa akinibeba mgongoni. Sawa, nimesikia. Lakini kila mtu ana siku yake anayoichukia, na mimi yangu ni ile ya wembe.

Nilifunika kidonda kwa kofia na nikaendelea na kazi. Nekesa ndiye aliyekigundua, kwa sababu ya foronya.

"Baba Akoth, hii damu ni ya nini?" aliniuliza. Akoth ni binti yetu.

"Ni mbu."

"Mbu gani anachinja? Hebu inama nione." Nikainama. Akakitazama kidonda, halafu akasema, "Kesho tunaenda hospitali, na usiniambie habari ya mahindi."

Ungetegemea kwamba watu wa ngozi wangesubirishwa ndani. Katika hospitali ya kwanza niliyokwenda, benchi la kliniki ya ngozi lilikuwa barazani upande wa magharibi. Asubuhi lina kivuli. Ikifika saa saba jua linaingia chini ya bati na kulala benchi zima, na daktari alikuwa anafika saa nane. Ukiinuka unapoteza nafasi. Nilikaa pale nikingoja zamu yangu ya kuambiwa jua limenifanya nini, huku linaendelea kunifanya. Nikashikwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nilitaka kuubeba ule ubao wa benchi na kuutupa kwenye nyasi.

Mama mmoja, Mteso kwa kabila, kutoka upande wa Malaba, mguu wake umefungwa bandeji, alikuwa akiniangalia. Akavua sandali yake moja na kuiweka benchini kando yangu.

"Wewe nakwenda kule kwa kivuli," akaniambia. "Mimi nakaa na nafasi yako. Mtu nakuja akisema kitu, mimi naongea na yeye."

Alikuja mtu kweli, na nilimsikia kutoka ukutani nilikojibanza akielezwa sandali ile ni ya nani. Sikujua jina lake yule mama na sikumwona tena. Ukipata mtu wa namna hiyo kwenye benchi, kubali, usijifanye mwanamume.

Walikata kipande kidogo cha nyama kikapelekwa kupimwa, na majibu yalikuja mvua za Machi zikianza. Nilitumwa Kampala. Huko walinikata utosini, wakachukua ngozi ya paja langu wakaibandika kichwani. Sehemu ya juu ya sikio la kushoto nayo ilikuwa imeanza, wakaiondoa. Maumivu ya kichwa hayakuwa kitu. Paja ndilo lililonitesa, lile lisilokuwa na hatia, lililokuwa halijawahi hata kuona jua. Nililala nikinusa dawa na uji wa wagonjwa wengine, Nekesa akiwa chini sakafuni juu ya mkeka, na sikulia mpaka siku ya kufunguliwa bandeji, nilipopapasa na kukuta shimo laini lililo baridi pale ambapo mama alikuwa akiweka kiganja akinipima homa.

Kumbikumbi walipotoka nilikuwa kwenye mionzi. Nilimuuliza yule bwana wa mashine kama ni kweli wananitibu kwa kunichoma. Akasema ndiyo, kwa namna fulani. Nikamwambia basi wangeniacha kwenye maturubai ingekuwa bure. Alicheka, mimi sikucheka. Ulimi ulipoteza ladha, kila chakula kikawa kama kula gazeti. Nilichoka uchovu ambao kulala hakuuondoi, na Nekesa alichoka zaidi yangu lakini hakuwa na kitanda chenye namba ambacho angelalia na kuitwa mgonjwa.

Mama hakuja Kampala. Baba alikuwa amepooza upande mmoja msimu huohuo na yeye ndiye aliyekuwa anamgeuza na kumlisha. Mdogo wangu Ochwo alikuja mara moja, akakaa na kofia yake magotini kama yuko kanisani, akaondoka. Nyumbani walijua nimekatwa kichwani. Lakini neno kukatwa hutumika hata kwa jipu.

Daktari wangu, msichana wa umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, aliniambia siku ya kuniruhusu, "Mzee, jua lako umelimaliza. Ulilopewa la maisha yote, umelitumia. Hiyo ngozi iliyobandikwa haina nywele wala nguvu. Hata nusu saa, sitaki."

"Hata kanisani?"

"Mungu wako anaona kupitia kofia."

Nikarudi Busia na sheria mpya. Mwenye ghala, Mungu ambariki, aliniruhusu kukaa mlangoni kwa ndani na kina mama wakawa wananiletea punje niume. Jua lilibaki la kwao. Losheni ya kuzuia jua ilikuwa tatizo lingine. Upande wetu nilikuwa naipata kwa bahati. Nekesa alisikia kwamba kliniki moja ng'ambo, upande wa Kenya, wanaigawa bure kwa watu wenye ualbino, tukavuka asubuhi na mapema. Dada wa dirishani alikuwa mpole.

"Kitambulisho cha Kenya uko nacho?"

"Sina. Mke wangu anacho."

"Lakini si yeye anaitumia, si ndio?" akasema. "Pole, kaka. Ni ya raia."

Nekesa alitaka kugombana. Nilimvuta mkono. Nilikuwa nimechoka kuomba, na jua lilikuwa limeshafika kwenye ngazi za pale kliniki. Ukiwa huko upande wenye losheni, jipake nusu saa kabla ya kutoka, na masikio usiyasahau, na midomo. Usijipake baada ya kuoga jioni ukaenda kulala nayo. Nimewakuta wengi wanaofanya hivyo, kwa sababu mafuta kwetu ni ya baada ya kuoga, na anayewapa chupa haongezi neno.

Mahindi ya msimu wa kwanza yalikuwa yamejaa uani Ochwo aliponipigia simu kwamba baba amepumzika.

Nilifika Kirewa jioni. Baba mdogo Obbo, anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa anaongoza mambo. Nilimfuata uani kwenye moto wa wanaume, nikamsalimu kwa heshima zote, nikamwomba jambo moja: tumzike baba asubuhi, kabla jua halijapanda.

"Asubuhi?" akasema. "Mazishi ya asubuhi ni ya mtu asiye na watu. Kuna wageni wanatoka Kampala, kuna wa Nairobi. Padri mwenyewe ana misa kule kanisa la Sop Sop, atafika saa sita."

"Basi nitasimama na kofia, baba."

Akaniangalia kama vile nimesema nitasimama uchi. "Kaburini kwa baba yako? Katekista? Wewe ndiye wa kwanza, Othieno. Wewe ndiye unayetupa udongo wa kwanza. Macho yote yatakuwa kwako."

"Daktari amenikataza jua."

"Jua umelijua leo? Umezaliwa ndani yake, umelima ndani yake. Bibi yako ulimzika bila kofia."

Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na yeye alikuwa amefiwa na kaka yake, nikaaga nikatoka.

Usiku ule Nekesa aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba Akoth, si uwavulie tu mara moja, wakione hicho kichwa, wanyamaze? Wengine wanafikiri unaringa."

Alikuwa na akili, kama kawaida yake. Lakini kuna kitu ndani yangu kilikataa kabisa. Tangu nizaliwe watu wamenitazama bila kuniomba. Wamenigusa nywele sokoni, wamenibinya ngozi kuona kama inabadilika. Sasa tena nisimame mbele ya ukoo mzima, niinamishe kichwa, nionyeshe shimo, ili wanipe ruhusa ya kuishi? Nilimwambia hapana. Nilikuwa sijamwonyesha hata mama. Tangu nitoke Kampala nilikuwa nimeingia nyumbani kwake mara mbili tatu, na zote nilikaa na kofia, nikisingizia baridi.

Siku ya mazishi jua lilitoka kama lililoalikwa. Walikuwa wamesimamisha mahema, hema la wageni na hema la kanisa na hema la wakwe. Kaburi lenyewe lilikuwa peupe, karibu na migomba lakini si ndani ya migomba. Padri alipofika, kijana wa kwaya alimfungulia mwavuli na kumfuata nao kila alipokwenda. Niliuangalia ule mwavuli saa nzima. Hakuna aliyeona ubaya wake.

Jeneza lilipoinuliwa, mama yangu alitoka kwa wajane akanijia mlangoni mwa nyumba nilikokuwa nimesimama. Alikuwa amekonda. Alinishika kifua cha shati kwa vidole viwili, kama alivyofanya nikiwa mdogo akitaka nimsikilize.

"Vua, mwanangu."

"Mama, siwezi."

"Dakika chache tu. Wakishusha, urudi ndani. Nitakusimamia mimi."

"Daktari ameniambia hata nusu saa..."

"Kwa ajili yangu, Othieno. Nimemgeuza baba yako miezi yote hii peke yangu. Sijakuomba kitu."

Ilikuwa kweli, hakuwa ameniomba kitu. Ndiye aliyenificha chini ya kanga mbichi tukienda Petta kwa shangazi, akisimama kila penye mti. Ndiye aliyempiga kwa mwiko mwanamume aliyesema nitupwe. Nilimpenda pale mlangoni kuliko nilivyowahi kumpenda, na nikamwambia hapana.

Aliliachia shati langu. Akarudi kwa wajane wenzake.

Nilitembea mpaka kaburini na pama yangu, mikono mirefu imefungwa vifungo, shingo imefungwa kitambaa. Kwaya iliendelea kuimba lakini nilisikia minong'ono chini ya wimbo. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu mzungu amesahau alikozaliwa." Padri alinitazama, akaitazama kofia, akafungua kitabu chake. Wakati wa udongo ulipofika, baba mdogo Obbo alinipita kana kwamba mimi ni mgomba, akampa koleo Ochwo. Ochwo akaniangalia. Nikamtikisia kichwa atupe. Ningefanya nini tena? Mimi nilitupa wa kwangu baadaye, pamoja na majirani.

Siku ya kunyoa walinipita vilevile. Mama alikuwa wa kwanza. Nilimwona akiinamisha kichwa chini ya wembe, nywele zake nyeupe zikidondoka kwenye jani la mgomba. Hakunitazama, na mimi nikarudi Busia siku hiyohiyo.

Tangu hapo alikuwa hapokei simu zangu. Ochwo ndiye aliyekuwa ananipa habari: mama anakula, mama amekwenda kanisani, mama amesema kwamba mwanawe wa kwanza alimkataa mbele za watu. Mvua za pili zilikuja zikaenda. Nilikuwa nikikaa mlangoni mwa ghala, nikiuma punje, nikijiuliza ni kichwa gani hiki nilichokiokoa ambacho nyumbani kwangu hakitakiwi. Usidhani mtu akifanya uamuzi sahihi analala vizuri. Mimi nililala vibaya msimu mzima. Nilimchukia baba mdogo, nikamchukia padri na mwavuli wake, na kuna siku nilimchukia mpaka mama.

Kiangazi kilipoanza nilikwenda Kampala kukaguliwa. Yule daktari alipapasa utosi, sikio, shingo, nyuma ya shingo, midomo, migongo ya mikono. Alichukua muda wake. Kisha akasema ni safi, na kwamba kama kofia ile ingeachwa siku moja tu ya jua la kutosha, ile ngozi mpya isingehimili. Nilitaka kumwomba aniandikie hilo nikalibandike mlangoni kwa Obbo. Badala yake nilipanda gari, nikalala Tororo kwa rafiki, na kabla jua halijatoka nikawa nimefika Kirewa.

Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka akimenya karanga. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, fupi, nyeupe tupu. Nilipiga magoti mlangoni nikamwamkia. Aliitikia. Alinisogezea stuli kwa mguu.

"Wamesemaje?" akauliza. Kumbe Ochwo alikuwa amemwambia ninakwenda.

"Wamesema ni safi."

"Mungu asifiwe." Akamenya karanga nyingine. "Ulinikataa mbele za watu."

"Nilikataa jua, mama."

"Jua halikukuomba. Mimi nilikuomba." Kisha akainua macho. "Na hata humu ndani ya nyumba yangu unakaa na hilo likofia. Humu pia kuna jua?"

Hakukuwa na jua. Dirisha lilikuwa bado limefungwa. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na ghafla nilikuwa nimechoka kukificha kichwa. Niliivua nikaiweka sakafuni kando ya ungo wa karanga, nikainama.

Mikono yake ilisimama. Nilisikia anavuta pumzi. Halafu nikahisi kiganja chake, bado kina maganda membamba ya karanga, kikishuka polepole kwenye utosi, kikaingia kwenye lile shimo, kikazunguka pembeni, kikaenda mpaka kwenye sikio lililopungua.

"Nywele zitaota hapa?"

"Hapana."

"Hii ngozi si ya hapa."

"Ni ya paja."

Akaendelea kupapasa, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Siku ile," akasema. "Siku ya baba yako. Ulikuwa hivi?"

"Nilikuwa hivi, mama. Palikuwa pabichi zaidi."

Hakulia. Aliondoa mkono, akakung'uta maganda kwenye kanga yake. Akainama akaiokota kofia yangu sakafuni, akaifuta vumbi ukingoni kwa kiganja, akainyoosha pale ilipokuwa imekunjika. Akaninyooshea.

"Vaa."

"Mama, humu hamna jua."

"Vaa tu."

Nikavaa.